Usugu wa Bakteria Dhidi ya Dawa: Nguvu ya Penisilini ni Mafao ya Wengi

Mwezi Oktoba 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ambayo, kwa maoni yetu, inastahili kutafakariwa pia katika maparokia. Taarifa hiyo inaeleza kwamba mwaka 2023, kati ya kila maambukizi sita ya bakteria yaliyothibitishwa maabara duniani, moja lilisababishwa na bakteria walio sugu dhidi ya dawa za antibiotiki. Katika Kanda ya Afrika hali ni mbaya zaidi: moja katika kila matano. Hapo awali, utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba mwaka 2019 pekee watu takribani milioni 1.27 walipoteza maisha moja kwa moja kwa sababu ya usugu huo. Kwa kulinganisha na idadi ya watu, mzigo mkubwa kuliko wote uliangukia nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara, hasa zile za magharibi.

Nyuma ya takwimu hizi wapo watu tunaowafahamu. Yupo mtoto mchanga ambaye damu yake imeingiliwa na vijidudu siku chache baada ya kuzaliwa. Yupo mama aliyejifungua kwa upasuaji, mgonjwa wa saratani ambaye kinga yake imeshuka kutokana na matibabu, na kijana aliyevunjika mguu katika ajali ya bodaboda na sasa ana kidonda kilicho wazi. Wote hawa wanategemea kitu kimoja ambacho hawawezi kukilinda peke yao, yaani kwamba dawa itakayoingizwa mwilini mwao bado ina nguvu. Nguvu hiyo hupungua kwa matumizi mabaya ya watu wengine, ambao huenda wasikutane nao kamwe. Ndiyo maana tunasema kwamba uwezo wa antibiotiki kuponya si mali ya mgonjwa mmoja wala ya duka moja. Ni sehemu ya mafao ya wengi, kama yalivyo maji ya chemchemi ambayo kijiji kizima hunywa.

Ili kuona ukweli wa jambo hili, hatuna budi kwanza kufahamu jinsi dawa hizi zinavyofanya kazi. Tutaichukua iliyo mama yao katika historia ya tiba, yaani penisilini.

Zawadi iliyotoka katika kuvu

Mwezi Septemba 1928, katika Hospitali ya St Mary's jijini London, daktari na mtafiti Alexander Fleming alirudi kutoka likizo akakuta kisahani chake cha kuoteshea bakteria kimeingiliwa na kuvu. Wengi wangekitupa. Yeye alitazama kwa makini, akaona kwamba kandokando ya kuvu ile bakteria walikuwa wameyeyuka. Kuvu hiyo ilikuwa ya jamii ya Penicillium, naye akauita umajimaji uliotoka humo penisilini. Hata hivyo, hakufanikiwa kuisafisha dawa yenyewe kwa kiasi cha kutosha kutibu wagonjwa.

Kazi hiyo iliendelezwa zaidi ya miaka kumi baadaye katika Chuo Kikuu cha Oxford na Howard Florey, Ernst Chain, Norman Heatley na wenzao. Mwezi Mei 1940 waliwaambukiza panya wanane bakteria wakali, kisha wakawapa wanne penisilini. Wanne waliokosa dawa walikufa wote. Mwezi Februari 1941 walianza kumtibu askari polisi mmoja, Albert Alexander, aliyekuwa mahututi kwa maambukizi yaliyoenea mwilini. Alianza kupata nafuu kwa namna ya kustaajabisha, lakini dawa ilikuwa haba kiasi kwamba watafiti walilazimika kuichuja tena kutoka katika mkojo wake. Hatimaye ilikwisha kabisa, ugonjwa ukarudi, naye akafariki mwezi Machi. Dawa haikumshindwa, ilimwishia. Tunaomba msomaji akumbuke tofauti hiyo, kwa maana tutairudia.

Pete ndogo ya atomu nne

Mwaka 1945 mwanasayansi Dorothy Hodgkin, kwa kutumia mionzi ya eksirei, alibainisha jinsi atomu za penisilini zilivyopangwa. Katikati ya molekuli hiyo kuna pete ndogo ya atomu nne, tatu za kaboni na moja ya nitrojeni. Wanakemia huiita pete ya beta-laktamu. Imeungana na pete nyingine ya atomu tano, ambayo ndani yake imo salfa. Pete ya atomu nne imebanwa katika pembe zilizo finyu kuliko atomu hizo zinavyopenda kukaa, nayo ni kama upinde uliovutwa, tayari kufyatuka. Humo ndimo ilimo nguvu yote ya dawa hii na, kama tutakavyoona, humo pia ndimo ulimo udhaifu wake.

Bakteria huishi akiwa na shinikizo kubwa ndani ya mwili wake mdogo, na kinachomzuia asipasuke ni ukuta mgumu unaomzunguka. Tunaweza kuufananisha na tairi la baiskeli linalouhifadhi mpira wa ndani uliojazwa upepo: tairi likichanika, mpira hupasuka. Ukuta huo umefumwa kwa nyuzi za sukari zilizofungwa pamoja kwa vipande vifupi vya protini, nao mafundi wanaofunga mafundo hayo ni vimeng'enya maalumu. Penisilini inafanana na ncha ya kile kipande ambacho kimeng'enya hukishika ili kufunga fundo. Kimeng'enya kinapoishika dawa kwa kudhani ni kipande chake cha kawaida, ile pete hufunguka na kung'ang'ania papo hapo. Fundi amefungwa mkono na hawezi tena kufanya kazi. Bakteria anayeendelea kukua bila mafundo mapya ukuta wake hulegea, kisha hupasuka.

Seli za mwili wa mwanadamu hazina ukuta wa namna hiyo. Ndiyo sababu penisilini huweza kumwangamiza bakteria bila kuzidhuru seli za mgonjwa, isipokuwa kwa wale wachache wenye mzio, ambao kwao dawa hii yaweza kuwa hatari. Virusi navyo havina ukuta huo. Basi penisilini na ndugu zake, kama vile amoksisilini, haziwezi kufanya lolote dhidi ya mafua ya kawaida, kwa kuwa mafua husababishwa na virusi. Anayemeza vidonge hivyo kwa ajili ya mafua hajitibu. Anachofanya ni kuwapa bakteria wengine waliomo mwilini mwake nafasi ya kuizoea dawa.

Jinsi bakteria wanavyojihami

Watu wengi hudhani kwamba ni mwili wa mgonjwa unaoizoea dawa. Sivyo. Wanaokuwa sugu ni bakteria wenyewe. Katika mamilioni ya bakteria waliomo ndani ya mtu mmoja, wachache huweza kuwa na kinga ya kimaumbile. Dawa inapopita huwaua walio dhaifu na kuwaachia nafasi wale wachache, ambao huzaliana upesi. Wapo bakteria ambao, wakipata mazingira mazuri, hugawanyika kila baada ya dakika ishirini hivi.

Kinga hiyo ina njia kuu tatu. Ya kwanza ni kuivunja dawa. Mwaka 1940, kabla penisilini haijaanza kutumika hospitalini, Edward Abraham na Ernst Chain walitangaza kwamba baadhi ya bakteria hutengeneza kimeng'enya kinachoifungua ile pete ya atomu nne kabla haijamfikia fundi wa ukuta. Pete ikishafunguliwa, dawa inakuwa kama upinde uliokatwa kamba. Njia ya pili ni kumbadilisha fundi mwenyewe, ili dawa isiweze kumshika. Dawa iitwayo metisilini iliundwa mahususi ili isivunjwe na kile kimeng'enya, lakini mwaka 1961, muda mfupi tu baada ya kuanza kutumika, taarifa za bakteria sugu dhidi yake zilikwisha kutolewa nchini Uingereza. Njia ya tatu ni kuifungia dawa milango isiingie, au kuisukuma nje mara inapoingia.

Jambo la kuhofisha zaidi ni kwamba bakteria huazimana silaha hizi. Maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya kile mara nyingi huandikwa katika vipande vidogo vya vinasaba vinavyoweza kupita kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, hata kama si wa aina moja. Kwa hiyo usugu uliozaliwa katika tumbo la mtu mmoja, au katika banda la kuku, waweza kuhamia kwa vijidudu vya ugonjwa mwingine kabisa. Wanasayansi nao hawakukaa kimya. Tangu mwaka 1981 amoksisilini imekuwa ikitolewa pamoja na asidi ya klavulaniki, ambayo kazi yake ni kukinasa kimeng'enya adui ili dawa ipite. Hata hivyo, bakteria wamepata vimeng'enya vingine ambavyo asidi hiyo haivinasi.

Fleming mwenyewe aliliona jambo hili mapema. Katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel, mwezi Desemba 1945, alitoa mfano wa kubuni wa mwanamume mwenye maumivu ya koo. Mtu huyo ananunua penisilini mwenyewe na kutumia kiasi kidogo, kisichotosha kuwaua bakteria bali kinachotosha kuwafunza kuihimili. Kisha anamwambukiza mkewe, naye mke anaugua nimonia. Mke anatibiwa kwa penisilini, lakini bakteria wake sasa ni sugu, naye anafariki. Fleming aliwauliza wasikilizaji wake ni nani hasa mwenye lawama ya kifo kile. Swali hilo lilikuwa la kimaadili kuliko kuwa la kitabibu, na bado linatuhusu.

Hazina iliyobaki

Tungekosea, hata hivyo, kama tungewaacha wasomaji wetu wakidhani kwamba yote yamekwisha. Mpaka leo, bakteria wa kundi A la streptokoka, wale wanaoshambulia koo la watoto, bado wanauawa na penisilini. Koo hilo lisipotibiwa ipasavyo, baadhi ya watoto hupata homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo, ugonjwa ambao bado unawaumiza vijana wengi wa Afrika. Mtoto aliyekwisha kuupata hukingwa kwa sindano ya benzathini penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi. Dawa hiyohiyo hutibu kaswende, nayo ndiyo inayotegemewa kwa mama mjamzito ili ugonjwa usimfikie mtoto aliye tumboni.

Lakini hapa ndipo tunapokutana na fadhaa nyingine. Katika muongo uliopita nchi nyingi ziliripoti kupungukiwa na benzathini penisilini. Dawa hii ni ya zamani, bei yake ni ndogo, faida yake kwa mtengenezaji ni ndogo, na watengenezaji wake ni wachache. Tunarudi, basi, kwa yule askari wa Oxford. Wapo wagonjwa wanaofariki kwa sababu dawa iliyopo imepoteza nguvu, na wapo wanaofariki kwa sababu dawa yenye nguvu haikuwafikia. Yeyote anayezungumzia usugu wa dawa bila kuzungumzia uhaba wake amesema nusu tu ya ukweli.

Kwa maana hiyo tunasita kutupa lawama zote kwa maskini. Ni kweli kwamba katika mitaa yetu vidonge vya rangi mbili hununuliwa dukani bila cheti cha daktari, jirani humgawia jirani vidonge vilivyobaki, na mgonjwa akijisikia nafuu siku ya pili huacha dozi. Tabia hizi ni lazima zikome. Lakini mama anayenunua vidonge vinne kwa sababu fedha aliyo nayo inatosha vidonge vinne si mtu wa kudharauliwa. Huenda zahanati iko mbali, huenda haina kipimo cha kubainisha kama homa ya mwanawe imeletwa na malaria, virusi au bakteria, naye muuza dawa ndiye mtaalamu pekee aliye karibu. Kwa mtazamo huu, utekelezaji wa kweli wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa nchini Tanzania mwaka 2023 ni sehemu ya mapambano dhidi ya usugu wa dawa, kwa sababu aliye na bima ana njia ya kufika kwa daktari kabla ya kufika dukani.

Mwezi Septemba 2024, viongozi wa mataifa waliokutana katika Umoja wa Mataifa jijini New York walikubaliana kupunguza kwa asilimia 10, ifikapo mwaka 2030, vifo vinavyohusiana na bakteria sugu. Walikubaliana pia kwamba walau asilimia 70 ya antibiotiki zinazotumiwa na wanadamu ziwe zile za mstari wa kwanza, ambazo zina uwezekano mdogo wa kuchochea usugu. Amoksisilini imo katika kundi hilo. Nchi yetu nayo ina mpango kazi wa kitaifa wa kupambana na usugu, wa mwaka 2023 hadi 2028. Tunayapokea maazimio haya kwa shukrani. Kipimo chake kitakuwa bajeti: maabara katika hospitali za wilaya, maji safi katika wodi za wazazi, na dawa za mstari wa kwanza zisizokatika ghalani. Mpango usio na fungu la fedha ni sawa na cheti kisicho na dawa.

Imani yetu yatufundisha nini

Maandiko Matakatifu hayaitazami tiba kama shindano na Mungu. Kitabu cha Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, chatufundisha kumheshimu tabibu na kutambua kwamba dawa zatoka katika ardhi kwa mapenzi ya Muumba, na kwamba mwenye busara hazidharau. Kuvu ile ya London ilikuwa miongoni mwa viumbe hivyo vya ardhi. Kuidharau dawa kuna sura mbili: kuikataa, na kuitumia ovyo.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2288, yafundisha kwamba uhai na afya ni vipaji vya Mungu tulivyokabidhiwa, na kwamba tunapaswa kuvitunza kwa busara huku tukizingatia mahitaji ya wengine na mafao ya wengi. Mara nyingi tunaikumbuka sehemu ya kwanza ya fundisho hilo na kuisahau ya pili. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho juu ya mwili mmoja wenye viungo vingi, aonesha kwamba maumivu ya kiungo kimoja ni ya viungo vyote. Elimu ya bakteria inalithibitisha fundisho hilo kwa namna isiyotarajiwa: dozi niliyoichezea mimi yaweza kuwa kifo cha mtoto wa jirani yangu. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, katika Waraka wa Laudato si' wa mwaka 2015, alitukumbusha kwamba haki yawadai watu wa leo wawafikirie pia watakaokuja baada yao. Tulipokea kutoka kwa wazazi wetu dunia ambamo nimonia inatibika. Ni haki watoto wetu nao waipokee hivyo.

Wajibu ulio mikononi mwetu

Tunawaalika waamini, katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo na katika vyama vya kitume, kulizungumza jambo hili kwa lugha ya kawaida. Kwanza, tusinunue antibiotiki bila kuandikiwa na mtaalamu wa afya, wala tusimlazimishe mganga atuandikie pale anaposema hazihitajiki. Pili, tuzitumie kwa kipimo na kwa siku tulizoelekezwa. Tusipunguze, tusigawane, wala tusitunze mabaki kwa ajili ya ugonjwa ujao. Tatu, tuzuie ugonjwa kabla haujaja: kunawa mikono kwa sabuni, vyoo bora, maji salama, na kuwapeleka watoto kupata chanjo kwa ratiba. Maambukizi yaliyozuiwa hayahitaji dawa yoyote.

Kwa wafugaji tuna neno la pekee. Antibiotiki zinazochanganywa katika maji ya kuku bila ushauri wa daktari wa mifugo hulea bakteria sugu bandani, na mayai au maziwa yanayouzwa kabla ya siku za kusubiri kwisha huingiza masalia ya dawa mezani kwa mlaji. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya antibiotiki kwa ajili ya kunenepesha mifugo tangu Januari 2006. Mfugaji anayewatibu wanyama walio wagonjwa hatendi kosa. Anayetumia dawa ili kuficha uchafu wa banda anaikopa afya ya watu wengine bila ridhaa yao.

Kwa taasisi za afya za Kanisa, ambazo katika maeneo mengi ya vijijini ndizo tegemeo la watu, wajibu ni mkubwa zaidi. Zinaitwa kuwa mfano wa uandishi wa dawa wenye nidhamu, wa usafi wa wodi na wa maabara zinazofanya kazi, hata pale ambapo kuuza dawa nyingi kungeongeza mapato. Anayekuja kwetu akiwa mgonjwa anakuja akiwa na imani, na imani hiyo hailipwi kwa kumpa dawa asiyoihitaji.

Kila mwaka, kuanzia tarehe 18 hadi 24 Novemba, dunia huadhimisha wiki ya uelewa juu ya usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Tunapendekeza kwamba katika wiki hiyo kila parokia imwalike mhudumu wa afya azungumze na waamini baada ya Misa kwa dakika kumi tu. Tuwaombee pia madaktari, wauguzi, wafamasia na watafiti, na hasa wagonjwa ambao usiku wa leo wanasubiri kuona kama dawa waliyopewa itafanya kazi. Jibu watakalolipata, kwa sehemu, limo mikononi mwetu.